Ukungu na maji ndani ya taa za mbele: kuiacha taa, kuikausha, kuiziba upya au kununua nyingine?

Mvua zinapoanza mwezi Machi, na tena mwezi Septemba, mafundi wa taa katika soko la Kisekka jijini Kampala hupokea malalamiko yaleyale: taa moja ya mbele inaangaza vizuri, ilhali ya pili imejaa ukungu kwa ndani na mwanga wake umefifia. Mwenye gari akiuliza afanye nini, hupewa majibu yanayopingana. Huyu atamwambia aiache, itakauka yenyewe. Yule atataka kuizungushia silikoni pande zote. Mwingine atashika drili atoboe tundu kwa chini ili maji yatoke, na mwenye duka la spea aliye karibu atashauri inunuliwe taa nyingine, ambayo bila shaka anayo. Baadhi ya majibu hayo hufaa kwa gari moja na yasifae kwa jingine, na moja kati yake halifai kwa gari lolote.

Jambo hili linastahili uangalifu kuliko linavyopewa. Sehemu kubwa ya barabara zetu nje ya miji haina taa, na anayetoka Kampala kwenda Masaka usiku huwakuta mbele yake watembea kwa miguu wenye nguo nyeusi, baiskeli zisizo na taa ya nyuma na malori yaliyoharibika yakiwa yamewekewa matawi tu kama alama. Taa yenye maji hutawanya mwanga ovyo: dereva wake haoni mbali, na anayekuja mbele yake hupigwa na mng'aro machoni. Kwa hiyo kuchagua njia ya kuitengeneza si suala la urembo wa gari.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema, kwa sababu ndio utakaoongoza ulinganisho wote: usichague dawa kabla ya kujua maji yanaingilia wapi. Wengi huanza na gundi au na ununuzi, na wote wawili huishia kuyaona maji yakirudi.

Ukungu si sawa na maji

Watu wengi hudhani kwamba taa ya gari imefungwa kabisa pasipite hata hewa. Sivyo. Taa ya kisasa hutengenezwa ili ipumue. Balbu ya halojeni ya aina ya H4, ambayo magari mengi ya Kijapani yaliyopo Uganda hutumia, ina nguvu ya wati 60 katika mwanga mkubwa na wati 55 katika mwanga mdogo, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo hugeuka joto. Joto hilo huitanua hewa iliyo ndani, na hewa ikikosa pa kutokea ingesukuma kioo na gundi yake hadi viachane. Kwa sababu hiyo kiwanda huacha njia ndogo za kupumulia nyuma ya taa: kipande cha mpira kilichopinda kuelekea chini, au kibomba chembamba, au kiraka cha utando unaopitisha hewa na mvuke lakini hauruhusu matone kupita. Taa ikizimwa na kupoa, hewa ya ndani hujikunja na kuvuta hewa ya nje, pamoja na unyevu wake.

Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa baridi, na ikigusa kitu kilichopoa, mvuke uliozidi hugeuka matone, kama yanavyotokea nje ya chupa ya soda iliyotolewa sasa hivi kwenye friji. Ndani ya taa, sehemu inayopoa kwanza ni kile kioo cha mbele, ambacho kwa kweli si kioo bali ni plastiki ngumu iitwayo polikaboneti. Gari lililolala Kabale, mji ulio zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako alfajiri huwa na baridi kali na ukungu mabondeni, linaweza kuamka na utando mweupe katika kona ya chini ya taa hata kama taa hiyo haina kasoro yoyote. Washa taa, anza safari, na katika nusu saa hivi utando huo utakuwa umenyauka kuanzia katikati, pale mwanga unapopiga, kuelekea pembeni. Vitabu vya maelekezo vya Toyota vinaeleza hivyo hivyo: ukungu wa muda ndani ya kioo cha taa si hitilafu, bali gari lipelekwe kwa fundi iwapo kuna matone makubwa kwenye kioo au maji yamekusanyika ndani.

Maji ni jambo jingine. Ukiona matone makubwa kama punje za dengu, michirizi inayotiririka, au kidimbwi chini ya taa kinachoyumba gari linapofunga breki, hapo pana mwanya. Taa haivuti mvuke tu bali inakunywa maji yenyewe, na hakuna muda wa kusubiri utakaoiponya.

Kuna pia hali ya tatu ambayo haihusiani na unyevu hata kidogo, ingawa huchanganywa nao kila siku. Ni ule umanjano na utusitusi unaoletwa na jua baada ya kuchoma tabaka la kinga lililopakwa juu ya polikaboneti. Hali hiyo iko nje ya kioo. Kipimo chake ni rahisi: mwagia kioo maji kwa nje. Kikionekana kung'aa kikiwa kimelowa na kurudi kuwa hafifu kikikauka, tatizo ni la nje, na msasa laini pamoja na dawa ya kung'arishia vitasaidia. Kama maji hayabadilishi chochote, tatizo liko ndani, na hakuna dawa ya meno wala dawa ya kung'arisha itakayolifikia.

Kuiacha ipumue, au kuikausha

Njia mbili za kwanza ni za bei nafuu, na hulinganishwa vizuri zikiwa pamoja kwa kuwa tofauti yake ni ndogo kuliko inavyodhaniwa.

Kuiacha taa ijikaushe yenyewe kunafaa kwa ukungu mwembamba unaoondoka baada ya kuwasha taa. Hata hivyo, kuiacha hakumaanishi kukaa bila kuitazama. Fungua boneti, tafuta vile vipande vya mpira nyuma ya taa, na uvikague. Magari yetu hupita barabara za udongo mwekundu, na vumbi lake laini likichanganyika na mvua huziba vitundu hivyo kwa tope linaloganda kabisa. Wakati mwingine mzibaji ni nyigu wa kujenga kwa udongo, ambaye hupenda sana mabomba membamba yasiyotikiswa kwa siku kadhaa. Vuta kipande cha mpira, kisafishe kwa maji na brashi laini, kikaushe, kisha ukirudishe kikitazama chini kama kilivyokuwa. Kwa kazi hiyo peke yake nimeona taa zilizokuwa na ukungu wa kudumu zikirudi kuwa safi bila kutumia senti. Kama taa yako ina kiraka cha utando badala ya mpira, usikisugue wala kukipuliza kwa kompresa. Ukishakitoboa, maji yataingia.

Hapa magari yaliyobadilishiwa balbu yanahitaji kutajwa peke yake. Balbu za LED zinazopachikwa mahali pa halojeni hupeleka joto lake nyuma, kwenye mapezi au feni, na kioo cha mbele hubaki baridi. Taa ya namna hiyo inaweza kubaki na ukungu safari nzima kutoka Mbarara hadi Kabale, hata kama njia zake za hewa ziko safi. Mwenye gari kama hilo asipime afya ya taa yake kwa kigezo cha nusu saa. Aangalie zaidi kama kuna matone na kama kuna maji chini.

Kukausha kwa makusudi kunahitajika pale maji yameshaingia. Njia ya kawaida ni kung'oa kifuniko cha nyuma, kutoa balbu bila kuigusa kwa vidole vitupu, na kuingiza hewa ya uvuguvugu. Jua la saa sita likipiga taa iliyo wazi nyuma hufanya kazi nzuri, polepole na bila hatari. Draya ya saluni hufanya kazi hiyohiyo haraka zaidi, mradi isisogezwe karibu mno wala kuelekezwa mahali pamoja. Mashine ya mafundi ya kupuliza hewa moto, ile ya kubandulia rangi, siipendekezi kwa kukausha, kwa sababu joto lake hupinda plastiki na kuunguza kioo cha ndani cha kuakisi mwanga kabla fundi hajajua.

Vile vipakiti vya silika vinavyowekwa ndani ya maboksi ya viatu navyo husaidia, lakini kwa muda mfupi. Punje zake hufyonza unyevu hadi zishibe, na taa inayopumua huzishibisha upya kila siku, kwa hiyo kuviacha ndani ya taa hakuna faida ya kudumu. Kuna hatari pia: kipakiti kikiteleza na kuangukia balbu ya halojeni, kitaungua. Vitumie usiku kucha taa ikiwa imezimwa, kisha uvitoe.

Jambo moja nalisisitiza kwa yeyote atakayekausha taa, awe mwenye gari au fundi: usiingize kitambaa. Kile kioo cha kuakisi mwanga kimepakwa aluminiamu nyembamba mno, na kukifuta mara moja tu huacha mikwaruzo isiyofutika na kupunguza mwanga milele. Maji yaliyobaki kwenye kona yatoe kwa kuinamisha taa, si kwa kufuta.

Kati ya njia hizi mbili, kukausha hushinda kwa haraka, lakini peke yake si tiba. Taa iliyokaushwa Ijumaa na kuoshwa Jumamosi kwa mashine ya presha itakuwa na maji Jumapili.

Kutafuta mwanya kabla ya kuchagua gundi

Sehemu hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayookoa pesa nyingi zaidi. Anza na vilivyo rahisi kuonekana. Je, vifuniko vya nyuma vipo? Katika magari mengi vimepotea, na mara nyingi chanzo ni ileile balbu ya LED yenye feni ndefu: haikutosha ndani, kwa hiyo aliyeifunga akaacha kifuniko wazi au akakikata katikati. Gari la namna hiyo halihitaji gundi wala taa mpya. Linahitaji kifuniko cha mpira kirefu zaidi kinachouzwa kwa ajili ya balbu hizo, au kurudishiwa halojeni na kifuniko chake cha awali. Mimi ningechagua la pili, kwa kuwa umbo la mwanga nalo hurudi kuwa sahihi.

Kisha angalia mpira wa duara unaozunguka kifuniko na ule unaozunguka balbu. Ukiwa umekauka, umepasuka au umebaki na alama ya kubanwa upande mmoja, ubadilishwe. Angalia pia mgongo wa taa na masikio yake, yaani vishikio vinavyoifunga kwenye gari. Gari lililowahi kugongwa mbele na kunyooshwa huwa na masikio yaliyogandishwa, na karibu nayo hupita ufa mwembamba kama unywele usioonekana hadi taa itolewe na kuinamishwa kwenye mwanga.

Kama bado hujaona kitu, kuna kipimo cha beseni. Taa huvuliwa kwenye gari, balbu hutolewa, na vitundu vyote huzibwa isipokuwa kimoja kinachoingizwa mpira wa kupulizia. Taa huzamishwa kwenye maji ya uvuguvugu, kisha mtu hupuliza kwa mdomo, taratibu, wala si kwa kompresa ambayo ingeweza kuachanisha kioo na kasha lake. Mahali povu dogo linapopanda kwa mstari ndipo penye mwanya. Weka alama ya kalamu hapo hapo, ukiwa bado unauona. Fundi anayekufanyia kipimo hiki bila kuombwa ni fundi wa kurudiwa.

Kipimo hicho pia hueleza kwa nini taa moja huingiza maji na nyingine haiingizi. Taa iliyopata moto ikimwagiwa maji baridi ghafla, iwe ni kwenye mvua kubwa, kwenye dimbwi la Bwaise baada ya mafuriko, au mahali pa kuoshea magari pale kijana anapoelekeza mashine ya presha moja kwa moja kwenye ukingo wa taa, hewa ya ndani hujikunja kwa haraka na kuvuta chochote kilicho karibu na mwanya. Njia ya hewa ikiwa imezibwa na tope, nguvu yote ya mvuto huhamia kwenye ule ufa. Hali hiyohiyo hutokea polepole kwa gari linaloteremka kutoka milima ya Kabale, kwa kuwa shinikizo la hewa ya nje huongezeka kadiri gari linavyoshuka.

Kuziba upya: gundi gani?

Mwanya ukipatikana kwenye mshono kati ya kioo na kasha, kuna namna mbili zinazofaa kulinganishwa, na moja ya kukataliwa.

Namna ya kwanza ni kupaka silikoni juu ya mshono kwa nje. Ni kazi fupi, haihitaji kufungua taa, na kama mwanya ni mfupi na unafikika, inaweza kudumu. Udhaifu wake ni mkubwa kuliko unavyoonekana siku ya kwanza. Silikoni iliyopakwa juu ya vumbi, nta au mabaki ya gundi ya zamani hubanduka. Ikipakwa pande zote bila kipimo, huziba hata vile vitundu vya kupumulia, na taa ambayo awali ilikuwa na tone moja sasa huwa chumba cha mvuke. Kuna pia tofauti ya silikoni yenyewe ambayo wauzaji wengi hawaitaji. Ile yenye harufu kali ya siki hutoa tindikali inapokauka, na mvuke wake ukinaswa ndani ya taa hufubaza kioo cha kuakisi na kula vishikio vya shaba. Kama ni lazima utumie silikoni, chagua isiyo na harufu ya siki, safisha mshono kwa spiriti, paka penye alama tu, na uiache taa wazi kwa nyuma hadi gundi ikauke kabisa.

Namna ya pili ni kuifungua taa na kubadilisha gundi yake. Taa nyingi za Kijapani za miaka iliyopita zimeunganishwa kwa gundi nyeusi ya butili, ambayo hulainika kwa joto na kushika tena ikipoa. Fundi huondoa skrubu na vibano, huipasha taa joto kwa muda mfupi, kati ya nyuzi 80 na 110 hivi, huvuta kioo taratibu, hukwangua gundi iliyochoka kwenye mfereji, huweka kamba mpya ya butili, kisha hupasha tena na kubana. Ikifanywa vizuri, kazi hii huirudisha taa katika hali iliyokuwa nayo ilipotoka kiwandani, na siku nyingine inaweza kufunguliwa tena. Inachukua muda, inadai mkono wenye subira, na gharama yake ni kubwa kuliko ya silikoni. Inadai pia fundi aliyewahi kuifanya; ombeni muoneshwe taa aliyokwisha kuifungua, mkague mfereji wake na kuona kama kioo kimekaa sawa pande zote.

Taa za magari mapya zaidi mara nyingi zimeunganishwa kwa gundi ya poliurethani isiyolainika kwa joto. Hizo hufunguliwa kwa kukatwa, na asilimia ya kuharibika ni kubwa. Mwenye gari la namna hiyo afikirie ununuzi kabla ya kufikiria kufungua. Magari yenye taa za zenoni, kama baadhi ya Harrier na Mark X zilizoletwa kutoka Japani, yana tahadhari yake: kifaa cha kuwashia balbu hutoa zaidi ya volti 20,000 wakati wa kuwasha, na mara nyingi kimefungwa chini ya taa yenyewe, mahali maji yanapokusanyika. Betri ifunguliwe kabla ya kugusa chochote, na kifaa hicho kikaguliwe kutu kabla ya kulipia kazi ya gundi.

Ile namna ya kukataliwa ni kutoboa. Najua inapendwa, kwa kuwa maji hutoka mbele ya macho ya mteja na kazi huonekana imekwisha. Lakini tundu linalotoa maji leo ndilo litakaloingiza vumbi la kiangazi kesho, na vumbi likishikana na unyevu juu ya kioo cha kuakisi hakuna hewa itakayoliondoa. Kiwanda kimeweka njia za hewa zenye kona na utando kwa sababu hiyo hiyo. Mlango usio na kona hauwezi kuchukua nafasi yake.

Kununua: mtumba wa Japani, mpya ya kuiga, au ya kampuni

Taa hufikia wakati wa kubadilishwa pale kioo cha kuakisi kimebabuka au kuwa cheusi, pale kasha limepasuka mahali penye mzigo, au pale soketi ya balbu imeliwa na kutu hadi waya zinapata moto. Kabla ya hapo, kununua ni kukimbia kazi ya kutafuta mwanya, na mara nyingine taa mpya huingia maji kwa sababu ileile, kwa mfano kifuniko kilichokatwa kikahamishiwa kwake.

Taa ya mtumba kutoka Japani ndiyo chaguo la wengi Kisekka na Ndeeba, na sababu zake ni nzuri. Japani huendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hiyo umbo la mwanga mdogo linaelekea sahihi, likiinuka kuelekea ukingo wa kushoto wa barabara badala ya machoni mwa anayekuja. Plastiki na gundi yake ni za kiwanda kilekile kilichotengeneza taa iliyoharibika. Kwenye kioo utakuta jina la mtengenezaji, kama Koito, Stanley au Ichikoh, na namba; hakikisha namba hiyo inalingana na ile ya taa ya upande wa pili, la sivyo utakuwa na taa mbili zenye mwanga wa rangi na umbo tofauti. Udhaifu wa mtumba ni umri wake. Huenda nayo imeshaanza kuwa ya manjano, na huenda ilikuwa na maji kabla yako na ikakaushwa kwa ajili ya kuuzwa. Itoe nje ya duka juani, uondoe kifuniko, na uchungulie kioo cha kuakisi: alama za mduara kama madoa ya chai chini yake ni kumbukumbu ya maji yaliyokaa humo. Nusa pia. Harufu ya siki au ya uvundo inatosha kukuambia uiache.

Taa mpya ya kuiga huvutia kwa weupe wake, na mara nyingi huja na mipira na vifuniko vipya. Ubora wake hutofautiana sana. Zipo zinazotengenezwa na viwanda vinavyojulikana, vikiwemo DEPO na TYC vya Taiwan, na zipo zisizo na jina lolote, ambazo mshono wake umewekewa gundi kidogo, njia zake za hewa zimewekwa kwa makisio, na tabaka la kinga dhidi ya jua ni hafifu au halipo kabisa. Hizo zisizo na jina sizipendekezi, hata kama bei yake ni ndogo. Kati ya taa ya kuiga isiyo na jina na mtumba wa Koito wenye kioo cha kuakisi kilicho safi, ningechukua mtumba bila kusita.

Taa ya kampuni iliyo mpya haina mshindani kwa ubora, na bei yake huwafanya wenye magari ya zamani waiache. Inafaa kwa gari jipya, kwa gari lenye bima itakayolipa, na kwa taasisi inayoendesha magari mengi na ambayo haiwezi kumudu kuyalaza gereji kila msimu wa mvua.

Malori yanayotoka Ulaya yana jambo lake la ziada. Taa ya kupitia upande wa kulia wa barabara ikifungwa kwenye lori linalopita Malaba hadi Katuna, humulika machoni mwa kila dereva atakayekutana naye. Kwenye kioo cha taa za Ulaya pana alama ya herufi E ndani ya duara, na karibu yake mshale. Mshale unaoelekea mkono wa kulia wa mtu aliyesimama mbele akiitazama taa huonyesha kwamba taa hiyo ni ya nchi zinazopita kushoto. Mshale wenye ncha mbili huonyesha inaweza kurekebishwa kwa pande zote. Pasipokuwa na mshale wowote, taa ni ya nchi zinazopita kulia, na hata ikiwa kavu kabisa haitufai.

Gari lipi, njia ipi

Kwa gari la nyumbani linalotembea zaidi mchana na kulala chini ya paa, ningeanza kwa kusafisha njia za hewa na kurudisha vifuniko, kisha ningesubiri mvua mbili tatu nione. Kwa teksi ya abiria 14 inayotoka alfajiri na kurudi usiku, na inayooshwa kila siku kwa presha, kusubiri hakufai. Mipira yote ibadilishwe, mshono upimwe kwenye beseni, na butili iwekwe upya panapohitajika, pamoja na kumwagiza anayeosha asimwagie taa iliyo moto. Kwa lori la safari ndefu, ambalo mwenye mali hupoteza siku nzima ya kazi likisimama, ni afadhali kuwa na taa nyingine kavu yenye alama sahihi, ile yenye maji ikarekebishwa gereji bila haraka.

Njia yoyote iliyohusisha kuvua taa huacha kazi moja ambayo mafundi wengi hawaimalizi, nayo ni kupanga mwanga. Gari liegeshwe mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, matairi yakiwa na upepo wa kawaida na dereva akiwa kitini. Pimeni urefu kutoka ardhini hadi katikati ya balbu na muuweke alama ukutani kwa chaki. Mwanga mdogo ukiwashwa, ukingo wake wa juu ukae karibu sentimita 10 chini ya alama hiyo, kwa gari dogo la kawaida. Skrubu za kurekebisha ziko nyuma ya taa, moja ya juu na chini, nyingine ya kushoto na kulia, na bisibisi ndefu inatosha kuzifikia. Mwagieni taa maji ya bomba kwa dakika chache baada ya hapo, ikiwa baridi, kisha muitazame tena asubuhi kabla ya kumlipa fundi salio lake.